Breki za dramu zikiganda baada ya mvua: nyundo au kufungua?

Ukilaza lori mpakani Malaba na mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi unakuta tairi za nyuma haziendi, kutu imeshikanisha laining (kipande kinachobana kusimamisha tairi) na dramu (chuma cha duara kinachozunguka na tairi). Wengi tunaanza na nyundo: weka mawe kwenye tairi, jaza upepo wa breki, achia handibreki, gonga dramu kwa nje mpaka iachie, toa mawe sogeza mbele na nyuma polepole, dakika chache unaondoka. Lakini ikiganda tena tairi ileile wacha nyundo bana, fungua dramu, piga msasa, angalia springi na kemu (chuma kinachosukuma laining ibane) kama zinarudi, maana breki inayoburuta inapata moto sana na inaweza kuwaka. Inakula muda, ndio, ila na tela ya mafuta mimi sibahatishi.