Mshipi "wa maji yote" ulivyonikosesha paiki (nyota moja, labda mbili)

Nimekaa na hii hasira wiki kadhaa nikijiambia ngoja ipoe ndo niandike, naona haipoi, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Mambo ya urefu, rangi na uzito siyaandiki, yako kwenye boksi na kila mtu ana macho (nitarudi kwenye hili la macho). Mimi nina kitu kimoja tu, huu mshipi wa flai (uzi mnene wa kurushia flai, yaani chambo bandia chepesi) ukiingia kwenye maji ya baridi unageuka springi. Hicho tu. Na jamaa aliyeniuzia.

Kwa wasiomjua, paiki ni samaki wa maziwa na mito ya kaskazini, Ulaya, Asia ya kaskazini, Amerika ya Kaskazini, na raha yake ni kwamba baridi haimfungi mdomo. Maji yakishuka mpaka nyuzi 4 au 5 bado anakula, ila kivivu, hakimbizi kitu mbali, lazima flai ipite karibu na pua yake taratibu, isimame, ivutwe kidogo, isimame tena. Maana yake mshipi unakaa majini muda mrefu mpaka unapoa wote, ndani nje.

Sasa yule muuzaji nilimwambia kwa mdomo wangu, natafuta mshipi namba 9 (namba ndo uzito wa mshipi) wa kurushia flai kubwa za paiki, maji ya baridi, asubuhi nyingine pembeni kuna barafu. Nikarudia, baridi. Akanipa huu. "Boss, huu ni wa maji yote, baridi, joto, chumvi, popote unapiga nao." Na pale dukani hita inawaka, ukiushika ni mtamu kweli, umekakamaa kidogo, unateleza kama umepakwa sabuni. Nikalipa nikaondoka napiga mluzi.

Siku ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa baridi hivi, barafu imeshaachia sehemu kubwa ya ziwa. Dakika kumi za mwanzo fresh. Baada ya hapo kila nikivuta mshipi na kuuachia miguuni kwenye boti haulali, unasimama. Mizunguko mizunguko, ukubwa uleule wa rili (kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi), umeiona ile waya ya simu za mezani za zamani, ndo hiyo hiyo. Nikirusha, mizunguko miwili mitatu inapanda kwa pamoja, inagonga kipete cha kwanza cha rodi (fimbo ya kuvulia, mshipi unapita kwenye vipete vyake), tak, flai inaanguka mita 8 mbele yangu kama soksi iliyolowa. Nikaunyoosha, si kila mtu anajua, unashika kipande cha urefu wa mikono miwili, unavuta kwa nguvu ya wastani, unahesabu mpaka kumi, unaachia, unahamia kipande kingine. Kwa mshipi uliokaa kwenye rili miezi mingi hiyo dawa inafanya kazi. Huu nao ukanyooka, nikafurahi, dakika 15 tukarudi kulekule.

Haya, yule samaki.

Flai ilikuwa imebakiza kama mita 6 kufika kwenye boti, nyeupe ina wekundu kidogo shingoni, nikaiacha ining'inie. Nyuma yake nikaona kitu ambacho mwanzo nilidhani ni gogo, halafu gogo likawa na macho. Akaja bila haraka, akasimama sentimita chache nyuma ya flai, mapezi ya pembeni yanachezacheza tu, mimi pumzi sina. Nikavuta kidogo, kiganja hivi. Akafungua mdomo, nikaona weupe wa ndani, flai ikapotea. Nikapiga, yaani nikavuta ili ndoana imshike. Na sikuinua rodi, hilo mtu asije akaniambia, najua paiki hapigwi kwa kuinua rodi kwa sababu mdomo wake ni mifupa mitupu, unaielekeza rodi kwake na unavuta mshipi kwa mkono. Nikavuta mpaka mkono ukafika nyuma ya kiuno na sikusikia kitu. Hakuna uzito kabisa! Kumbe nilichokuwa navuta ni mizunguko, ile springi iliyokuwa majini kati yangu na yeye ndo ilikuwa inanyooka, mkono wangu umefika mwisho na ndoana haijaanza hata kusogea. Akatikisa kichwa mara moja, akaitema flai, akabaki pale sekunde mbili tatu ananiangalia kama namdai, akazama taratibu.

Ukubwa wake sitaji, mnajua samaki aliyepotea anavyoongezeka urefu kila siku. Lakini alikuwa mkubwa.

Nikaurudisha dukani. Niliingia kwa upole, kweli, nikasalimia, habari za kazi, nikaeleza. Jamaa hakuugusa hata. "Kaka, tatizo ni mkono, siyo mshipi. Wengi wanaoanza huwa wanalalamika hivyo." Wanaoanza! Mimi nina kovu la meno ya paiki kwenye kidole gumba lilikuwepo huyu bwana hajaota ndevu. Halafu akachukua simu akaanza kuchati, mimi nimesimama na mshipi wangu mkononi kama nimekuja kuomba. Kuna mzee alikuwa pembeni anachagua ndoana, akaniambia "mwanangu, hebu lete hilo boksi." Akavaa miwani, akaligeuza chini juu, akanisomea maandishi madogo ya kwenye kitako, kwamba umetengenezwa kwa ajili ya tropiki, maji ya joto. Muuzaji hata hakuacha kuchati vizuri, akasema, "Sasa si imeandikwa."

Sasa si imeandikwa. Hiyo sentensi nimelala nayo.

Mzee ndo akanitoa nje akanieleza, nikamwamkia upya maana shikamoo ya kwanza nilimpa nikiwa na hasira. Anasema mshipi wa flai ni vitu viwili, kuna moyo wa ndani na kuna ganda la plastiki la nje. Wa tropiki unafanywa mgumu makusudi, kwa sababu kwenye jua kali ganda laini linalegea, mshipi unakuwa kama uzi uliolowa na unanata kwenye vipete, haurushiki. Kwa hiyo wanaweka ganda gumu, na moyo mara nyingi unakuwa nailoni moja nene, haikusukwa. Kule kwenye joto umenyooka kama rula. Sasa uulete kwenye maji ya nyuzi 4, plastiki ikipoa inakakamaa, ule ugumu wa makusudi unazidi, mshipi unashika umbo la rili na haulisahau. Wa baridi ni kinyume, ganda laini linalobaki linapinda hata kukiwa na barafu, na moyo wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosukwa. Ukipeleka huo nao kwenye jua la tropiki utakulilia.

Kwa hiyo niseme haki, mshipi wenyewe siyo mbovu. Umetengenezwa vizuri, kitanzi cha mbele kimeunganishwa safi, unateleza, kichwa chake, ile sehemu nene ya mbele, kifupi na kizito kinabeba flai ya sentimita 20 bila shida, maana paiki hutaki ule mshipi wa samaki wadogo wenye ncha ndefu nyembamba, utarusha flai mpaka bega ling'oke. Ningekuwa navua majira ya joto ningeupa nyota nne. Na mimi nina kosa langu, boksi nilikuwa nalo nyumbani wiki nzima, sikugeuza kitako. Nilianza na moja, sasa naweka mbili.

Ila ngoja, hapana. Nilimwambia baridi mara mbili! Mtu anasema baridi mara mbili unampa wa tropiki halafu unamwambia mkono wake ndo mbovu?

Anyway. Mzee akaniazima mshipi wake wa zamani, umefifia hata rangi haisomeki, una nyufa mbili tatu. Nikatoka nao asubuhi moja baridi kuliko ile ya kwanza, vipete vinaganda barafu kila baada ya kurusha mara chache (chovya ncha ya rodi majini iyeyuke yenyewe, usiibandue kwa kucha utaharibu kipete). Nikavuta mshipi nikauachia miguuni, ukalala. Umelala kama paka. Nilikaa nauangalia tu mshipi kwenye sakafu ya boti, mtu angenikuta angeniita kichaa. Nikapata wawili, wadogo, wa kwanza hakuzidi mkono wangu, lakini alivyoigusa flai nilimsikia palepale kwenye kidole, kama mtu kanivuta shati. Sijawahi kufurahia samaki mdogo namna ile na wakati huohuo nikakasirika upya kwa ajili ya yule mkubwa.

Kama unataka kununua, kabla hujaufunga kwenye rili chukua mita mbili tatu za mshipi, zizungushe kwenye kitu cha ukubwa wa rili, tumbukiza kwenye ndoo ya maji na barafu robo saa, toa, achia. Ukibaki springi, rudisha mapema kabla haujagusa ziwa. Na iangalie mara mbili ile mishipi ya kuzama polepole iliyo kama kioo, inavutia kweli lakini mingi moyo wake ni nailoni moja, kwenye baridi hiyo ndo bingwa wa kujikunja. Kuzama polepole chenyewe nakipenda, kwenye kina cha mita 2 mpaka 4 flai inakaa usawa wa samaki na inakuruhusu kuvuta kivivu kama anavyotaka yeye. Kwenye vighuba vya maji mafupi baada ya barafu kuondoka, wanakosogea kwa sababu kunapata joto kwanza, mshipi unaoelea unatosha (kama kwenu msimu umefungwa kwa sababu wanataga, waache watage). Waya mbele usisahau, meno yale hayabembelezi nailoni. Na dawa ya mbu ikiwa mkononi usishike mshipi, ile inayoyeyusha plastiki itakula ganda na hapo hata mzee hatakusaidia.

Huu wangu sijauuza. Nimeuhamishia kwenye rili nyingine unasubiri majira ya joto, nimebandika tepu nikaandika kwa makapeni JOTO TU, herufi kubwa kuliko zote za kwenye boksi. Huenda miezi ikija nitaandika hapa kwamba naupenda. Tuseme mbili, zote za mshipi, duka halina hata moja.

Halafu juzi nimepita pale kununua ndoana, sikuwa na pengine pa kwenda. Uko palepale kwenye rafu, boksi zimepangwa vizuri kitako chini, na juu yake wamebandika karatasi ya kuandika kwa mkono: PAIKI – BARIDI.

Narudisha moja.