Nilihamishwa kiti hadithi ikiwa kwenye sarafu ya sita

Nimeishi Tokyo miaka ya kutosha kucheka vichekesho vya Kijapani bila mkalimani. Juzijuzi nikakata tiketi kwenye ukumbi mdogo wa rakugo, usimulizi wa vichekesho wa Kijapani, nikawahi kiti cha mbele. Viti pale havina namba, anayewahi ndiye mwenyewe.

Akapanda kijana wa daraja la futatsume, yaani la kati, akapiga magoti juu ya mto wa kukalia na upepeo wake na kitambaa, basi. Kufika hapo si mchezo. Kwanza unakuwa zenza, mwanagenzi wa chini kabisa, miaka kadhaa: unachemsha chai, unakunja kimono za wakubwa, unapiga ngoma, unageuza mto kila msimulizi anapobadilika. Halafu kama miaka kumi mingine ndipo uitwe shin'uchi, mwenye haki ya kufunga onyesho.

Alisimulia hadithi ya Toki Soba. Mlaji wa tambi anadaiwa mon 16, sarafu za zamani, anamhesabia muuzaji sarafu moja moja, akifika nane anauliza, "Saa ngapi sasa?" Muuzaji anajibu tisa, naye anaendelea na kumi, akiwa amepunja sarafu moja. Kijana aliigiza kuvuta tambi, upepeo uliofungwa ukiwa vijiti vyake, mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Sarafu ya sita, nikaguswa bega. Msimamizi. "Wewe mgeni, hamia nyuma. Hutaelewa, na kuna wateja wetu wa siku zote." Nikamjibu kwa Kijapani kwamba naelewa. Akarudia yaleyale polepole, kama anamsemesha mtoto! Nikainuka, maana sikutaka kumvurugia kijana kazi. Nikiwa katikati ya njia ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ile tisa sikuisikia.

Nyota moja. Msiende.

Ingawa, nusu ya pili niliisikia nikiwa ukutani: mtu mwingine anayeiga ujanja ule anawahi mno, anajibiwa nne, anaanza tena tano, analipa kupita deni. Nilicheka kuliko wote waliokaa mbele. Kijana yule anastahili tano, wallahi.

Wakati wa kutoka, zenza aliyekuwa akigeuza mto alinikimbilia mlangoni, akainama hadi kiunoni kuniomba radhi. Mtoto wa watu, wa chini kuliko wote mle ndani, ndiye anabeba aibu ya mkubwa wake! Hapo nikawaka upya.

Basi nendeni, lakini kwa ajili ya vijana hawa tu. Ukumbi ubaki na moja yake. Siku futatsume yule akipandishwa kuwa shin'uchi nitakaa mbele, na sihami.