Begi la MCM Stark: miezi nane mgongoni, na mama aliyelifufua

Jamani nimelibeba hili begi la MCM Stark, ile ya kati rangi ya konyaki (kahawia hivi), miezi nane sasa hapa Seoul, chuo, subway, sokoni, kila mahali, na watu wananiuliza sana kama hela yake ni halali. Kwangu ni halali kabisa.

Wengi wanadhani ni ngozi tupu, sio. Hiyo yenye nembo inaitwa Visetos, ni turubai lililopakwa juu, ngozi iko kwenye mikanda na kingo tu, na mi hapo ndo napopapenda maana mvua za Julai huku si mchezo, unapangusa na kitambaa unaendelea na safari zako. Laptop inaingia, madaftari, chupa ya maji, na mabega hayaniumi. Mbele kuna kibati cha shaba chenye namba, ukinunua mtumba anzia hapo, ila usikiamini peke yake maana mwaka juzi kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni alinipiga feki yenye kibati kizuri tu, wiki ya tatu nembo zikaanza kubanduka, nililia.

Lakini kilichonifanya nirudi kununua orijino ni Kim Sung-joo mwenyewe, yule aliyeinunua kampuni ya MCM. Huyu mama ni binti wa mwanzilishi wa Daesung, kampuni kubwa ya nishati Korea, angeweza kukaa akala mali ya baba. Akakataa mchumba aliyepangiwa, akaolewa na mgeni, baba akamkana, akaenda kupiga kazi Bloomingdale's, duka kubwa la New York, kama mwajiriwa wa kawaida, halafu 1990 akaanzisha kampuni yake, Sungjoo. Alianza kwa kuuza Korea bidhaa za majina ya wenzake, Gucci wakiwemo, ikaja ile shida ya fedha ya Asia 1997 biashara ya Gucci ikabidi aiachie. Fikiria umejenga soko la mtu mwingine kwa miaka halafu linakutoka mkononi! Ndo maana 2005 alipoinunua MCM, kampuni ya Munich ya tangu 1976 ambayo ilikuwa imeshachoka na yeye alikuwa tayari anaiuza Korea kwa leseni, mi naona alijua anachofanya kuliko wote waliomshangaa. Mkorea, tena mwanamke, kununua jina la Ujerumani na kulirudisha madukani Ulaya, na mabegi ya mgongoni ndo yakawa kitambulisho chake, mpaka vijana wakaanza kuvaa begi la kifahari na raba. Baadaye 2014 akawa rais wa Msalaba Mwekundu wa Korea, ila hiyo ni habari nyingine.

Bei ni kubwa, sitawaficha, mi nilidunduliza karibu mwaka mzima. Na dada zangu, ile ndogo ndogo ni nzuri kwa macho ila kama unabeba laptop iache, chukua ya kati.