Tahadhari: Wauzaji wa "Tiba ya Kudumu" ya Kisukari Wanaojificha Nyuma ya Koti Jeupe

Ndugu wasomaji, tahadhari hii inawahusu hasa wenye kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya viungo, pamoja na jamaa wanaowanunulia dawa. Wapo wauzaji wanaozunguka katika mitandao ya kijamii na matone au vidonge vinavyodaiwa kuyamaliza magonjwa hayo moja kwa moja, na majina ya kurasa zao hubadilika kila mara ilhali video, maneno na hata picha za chupa hubaki zile zile. Nimeyafuatilia matangazo yao kwa muda, na baadhi ya waliokwisha kununua wameniruhusu kusoma mazungumzo yao na wauzaji hao. Sitaji jina la ukurasa wowote, kwa kuwa nikilitaja leo, kesho litakuwa jingine. Lisilobadilika ni mbinu, na ndiyo ninayoieleza.

Mambo huanza kwa video. Daktari anayefahamika, au anayeonekana kama daktari, ameketi katika studio ya habari na anasema kwamba kampuni za dawa zimemzuia kwa miaka mingi kuitangaza tiba hii. Uso ni wake kweli na sauti inafanana na yake, lakini maneno si yake. Mwishoni mwa mwaka 2024, Baker Heart and Diabetes Institute ya Melbourne, Australia, ililazimika kuutangazia umma kwamba video zilizoonyesha wataalamu wake wakisifu kirutubisho cha kisukari na kuiponda metformini, dawa ya kisukari inayotolewa hospitalini, zilikuwa bandia, zimetengenezwa kwa akili mnemba. Katika mwaka huo huo, jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza liliripoti jinsi sura za madaktari maarufu wa televisheni nchini humo, akiwemo Hilary Jones, zilivyotumiwa kuuza bidhaa ambazo wenyewe hawakuwa na habari nazo. Watu wengi hushauriwa kutazama kama midomo inaendana na sauti, na ushauri huo si mbaya, ila teknolojia inaboreka upesi kuliko macho yetu. Njia ya uhakika zaidi ni kuiacha video na kwenda kwenye tovuti ya taasisi anakofanya kazi daktari huyo, ukaangalie kama amewahi kuitaja bidhaa hiyo.

Ukibonyeza tangazo, hupelekwi dukani. Unapelekwa kwenye ujumbe wa faragha, ambako "mshauri wa afya" anakuuliza umri wako, uzito, dawa unazotumia, majibu ya vipimo vya karibuni, hata usingizi wako. Maswali hayo yamepangwa kwa ustadi, na mgonjwa aliyezoea kungoja foleni ndefu ili aonane kwa dakika chache na daktari aliyechoka hujiona hatimaye amepata mtu wa kumsikiliza. (Niwape haki yao: kwa kusikiliza, wanazishinda hospitali nyingi, na hilo ni jambo ambalo hospitali zinapaswa kulifikiria.) Baada ya maswali hutolewa hukumu, nayo ni ile ile kwa kila mteja: dawa za hospitali ndizo zinazokuharibu figo, daktari wako analijua hilo lakini hawezi kulisema, na mzigo uliopo una punguzo la bei linalokwisha usiku huu huu.

Sehemu iliyonishtua zaidi ni mazungumzo yanayofuata baada ya malipo. Sukari isiposhuka, mteja huambiwa kwamba dawa bado inajenga msingi. Sukari ikipanda, huambiwa kwamba sumu zinatoka mwilini, na kwamba hiyo ni dalili njema. Ikishuka kidogo, huambiwa aongeze kifurushi cha pili ili isirudi. Hakuna tokeo lolote, jema au baya, ambalo muuzaji angelikubali kuwa ushahidi kwamba bidhaa yake imeshindwa. Hapo ndipo inapojulikana kwamba anayezungumza nawe hafanyi sayansi, hata akitumia msamiati wake wote, kwa sababu jaribio la kitabibu linalostahili jina hilo hutangaza kabla ya kuanza ni matokeo gani yatahesabiwa kuwa ni kushindwa, na hulinganisha wanaopewa dawa na wenzao wasiopewa.

Hasara ya fedha ni ndogo ukilinganisha na agizo linaloambatana na chupa, yaani kuacha dawa za hospitali "ili zisigongane". Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kuiacha kunaweza kuua katika muda wa siku chache: damu hujaa asidi, mgonjwa hutapika, hupumua kwa nguvu na hatimaye hupoteza fahamu. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa sindano ya insulini mjini Toronto, kugunduliwa kwa ugonjwa huo kwa mtoto kulikuwa sawa na hukumu ya kifo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili madhara huja polepole, na upole huo ndio unaomsaidia muuzaji, kwa kuwa sukari iliyopanda kiasi inaweza isiume popote. Mtu akaacha vidonge, akajisikia mwepesi, akaandika ushuhuda mzuri mtandaoni, huku mishipa midogo ya macho, figo na miguu ikiendelea kuharibika. Katika saratani hesabu imeshafanywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa bado haijasambaa na ambao walichagua tiba mbadala peke yake, na wakaona kwamba hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 2.5 ya wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mbona fulani ametumia na amepata nafuu? Mara nyingine nafuu ni ya kweli, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kati ya mwaka 2007 na 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliorodhesha virutubisho 776 vilivyobainika kuwa na dawa zisizotajwa kwenye lebo, zikiwemo sildenafili (ya nguvu za kiume), sibutramini (ya kupunguza uzito) na steroidi (dawa za jamii ya homoni). Mwaka 2022 mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, zote zimefichwa. Mwenye maumivu ya magoti akimeza steroidi bila kujua atapata nafuu ya haraka, tena kubwa, na atakuwa mtangazaji wa bure wa bidhaa hiyo. Hajui kwamba deksamethasoni hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo "dawa ya asili" aliyoinunua kwa ajili ya viungo inaweza kuwa ndiyo inayokizidisha kisukari chake. Wala hajui kwamba baada ya kuitumia kwa muda mrefu, kuikatiza ghafla ni hatari kwa kuwa mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Nyakati nyingine hakuna kilichofichwa: maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe, na watu hununua dawa siku yanapokuwa yamepanda kabisa, hivyo chochote watakachomeza wakati huo kitaonekana kimesaidia.

Wauzaji hawa wanapenda sana kusema "utafiti umethibitisha". Ukidai kuuona, utatumiwa picha ya ukurasa wa makala usiosomeka, au kiungo cha utafiti uliofanywa kwenye seli ndani ya sahani ya maabara. Kuua seli za saratani kwenye sahani si ajabu. Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo inaziua. Utafiti wa panya una thamani yake, lakini ni mwanzo wa safari ambayo vitu vingi havifiki mwisho wake. Wengine hutumia makala zilizokwisha kuondolewa na majarida yaliyozichapisha. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyowahusu watoto 12 na kuihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, ilifutwa rasmi na jarida la The Lancet mwaka 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Hata hivyo bado hunukuliwa kana kwamba imetoka jana.

Kuna hoja yao moja ambayo haifai kudharauliwa, nayo ni kwamba madaktari na serikali wamewahi kuwadanganya watu. Ni kweli. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya umma iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaeleza ukweli na bila kuwatibu. Mtu anayekumbuka kisa hicho akasita mbele ya sindano si mjinga. Lakini tazama kosa lenyewe lilikuwa nini: wanaume wale walinyimwa penisilini wakati ilikwisha kujulikana kuwa inatibu kaswende. Muuzaji anayekusimulia habari za Tuskegee ili uiache metformini anakutaka ujifanyie mwenyewe kile ambacho wale walifanyiwa.

Wala si kweli kwamba dunia imeacha kuiamini sayansi. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, uliowahoji watu zaidi ya 140,000 katika nchi zaidi ya 140, ulionyesha kwamba takriban asilimia 72 walikuwa na imani ya wastani au kubwa kwa wanasayansi. Tapeli analijua hilo vizuri, ndiyo maana huvaa koti jeupe na kutundika kipimapigo shingoni huku akikufundisha kuwashuku waliovalia makoti hayo hospitalini. Anaihitaji imani yako kwa sayansi, ila anataka ielekezwe kwake peke yake.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji namba ya usajili wa bidhaa, kisha uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa ya nchi yako badala ya kufuata kiungo atakachokutumia. Namba ya usajili wa biashara au ya kodi si usajili wa dawa, ingawa mara nyingi ndiyo wanayoitoa. Mwombe pia namba ya usajili wa jaribio la kitabibu. Dawa yenye majaribio halali huwa nayo, na huonekana katika daftari za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzipekua. Kwa uzoefu wangu, swali hilo hufuatwa na kimya au kufungiwa ukurasa.

Tangazo la namna hii likitumwa na mzazi, shangazi au rafiki katika kundi la familia, usimwaibishe mbele ya wengine. Uchunguzi wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Twitter ukweli ulichukua takriban mara sita ya muda wa uongo kuwafikia watu 1,500, na kwamba waliousukuma uongo kwa kasi hiyo walikuwa hasa binadamu, si programu za kompyuta zinazotuma ujumbe zenyewe. Wengi wao husambaza kwa nia ya kuwasaidia wapendwa wao. Mfuate faraghani, muulize anachokihofia katika dawa anazotumia, kisha mwende pamoja kuliuliza swali hilo kwa daktari au mfamasia.

Aliyekwisha kununua asiache wala kupunguza dawa alizoandikiwa, na kama alikwisha kuziacha, awasiliane na kituo cha afya leo, akitaja wazi ni lini aliacha na ni nini alichotumia badala yake. Kutapika, kupumua kwa kina na kwa kasi, harufu ya pumzi kama ya matunda yaliyoiva sana, au kuchanganyikiwa kwa mwenye kisukari ni dharura ya kumfikisha hospitali mara moja. Aliyekuwa akitumia vidonge hivi vya viungo kwa majuma mengi asivikatize ghafla kabla ya kumwona daktari. Chupa, hata ikiwa tupu, isitupwe: ihifadhiwe pamoja na kifungashio, risiti ya malipo na picha za skrini za mazungumzo yote, kisha vipelekwe kwa mamlaka ya dawa, ambayo inaweza kupima kilichomo. Taarifa ya malipo nayo ipelekwe haraka kwa benki au kampuni ya simu iliyotumika kulipia, kwa kuwa akaunti za watu hawa hufungwa na kufunguliwa kwa majina mapya ndani ya muda mfupi.