Gundi ya chuma Loctite 638 kwenye shafti ya mashine ya kusaga, mwezi wa tatu huu

Beringi yangu ya upande wa puli ilikuwa inacheza kwenye shafti, fundi wa kwanza akaipiga shafti tindo ikatoka madonda madonda ati beringi ishike, ikashika wiki moja afu kelele zikarudi vilevile. Kujaza welding na kuchonga upya kwenye leizi, ile mashine ya kuchongea chuma, ni hela na siku kadhaa umefunga, ndo jamaa mmoja akanambia chukua 638, ile ya kijani. Bei yake imechangamka aisee.

Kufungua chupa naikuta haijajaa, nikarudi dukani mbio najua nimepunjwa, kumbe zote ziko hivyo! Hii gundi inaganda ikibanwa kwenye chuma bila hewa, sasa ndani ya chupa lazima iachiwe hewa. Na ndo maana tone lililogusa chuma usilirudishe humo, utagandisha chupa nzima.

Mara ya kwanza nilikosea mwenyewe, nilifuta shafti na petroli tu na petroli inaacha mafuta mafuta, beringi ikatoka kwa mkono kama pete. Mara ya pili msasa kwanza, afu tina ya kuyeyushia rangi mpaka kitambaa kikawa hakishiki uchafu tena, nikapaka shafti na ndani ya beringi nikaiingiza huku naizungusha. Usimwage sana, ikipenya kwenye gololi umenunua beringi nyingine. Baada ya nusu saa ilikuwa haisogei lakini sikuwasha, niliiacha saa 24 huku ndoo za mahindi zimepangwa nje na akina mama wananisema vizuri tu. Ile iliyovuja pembeni ilibaki mbichi mpaka nikaifuta, usiogope, iko kwenye hewa hiyo.

Pima mwanya kati ya shafti na beringi na vena, kile kipimo cha milimita cha mafundi, kabla hujanunua. 638 inaziba mpaka milimita 0.25, ikizidi hapo kuna 660 ya rangi ya fedha inayofika 0.5, na zaidi ya hapo usijidanganye nenda leizi. Shafti ya stenlesi inachelewa kuganda, inataka dawa yake ya kuchochea. Na kama beringi utaitoa mara kwa mara chukua 641, maana hii 638 kuitoa ni moto wa nyuzi 250 na beringi haiponi.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa yale maandishi ya chupa, mpaka niliazima miwani ya mzee.