Seti ya naitrasi ya ZEX kwenye Civic yenye pistoni za kiwandani: nzuri sana, ila baki na jeti ndogo

Wakuu, nimefunga seti ya naitrasi ya ZEX (gesi inayoipa injini oksijeni zaidi ili ichome mafuta mengi na kuongeza nguvu), aina ya drai, yaani inapuliza gesi tu na mafuta ya ziada yanapitia njia ile ile ya gari, kwenye Civic yangu yenye injini ya D16Z6, injini ya hosi pawa 125 na pistoni zile zile za kumimina (alumini iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu) alizoweka Honda, na kiukweli kwa hela yake naikubali mno. Nilichopenda zaidi ni kwamba inasoma presha ya mtungi halafu inapandisha presha ya mafuta kulingana na hiyo, maana gesi ikizidi mafuta yakapungua hapo ndo injini inakufa.

Mimi natumia jeti (kitundu kinachopima gesi inayoingia) ya 55, yaani ya kuongeza kama hosi pawa 55, na nawaomba mbaki hapo hapo. Pistoni ya kumimina haipindi, inapasuka. Ile ya kufua, iliyogandamizwa kwa nguvu, inavumilia kidogo, hii injini ikigonga (mafuta yakilipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda) kidogo tu zile kingo zinazoshika ringi zinakatika na kompresheni ndo basi tena.

Swichi ya kuchunga rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), inayoruhusu gesi kwenye rpm ulizochagua tu, unanunua kando, na tafadhali usiseme utanunua mwezi ujao. Gesi inatoka kwa kasi ile ile injini iwe inazunguka taratibu au haraka, kwa hiyo ukiifungulia kwenye rpm 2000 kila silinda inameza dozi kubwa mno kwa mpigo mmoja na presha inaruka ghafla, yangu nimeiseti ianze 3500 na ikate kabla ya limita, ile inayozuia injini isizidishe mizunguko. Na iwe umekanyaga mafuta mpaka mwisho, sio nusu nusu.

Taiming, yaani muda wa plagi kupiga cheche, nimerudisha nyuma digrii 2, petroli ni ya okteni ya juu tu, plagi nimeweka ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, kwa hatua moja (kwa plagi za NGK namba ikipanda ndo inakuwa baridi, wengi wanageuza hapa) na gepu, ile nafasi inaporuka cheche, nimelipunguza. Mtungi nauweka kati ya psi 900 na 950, ukiwa na baridi nguvu hazipo, ukipata moto sana gesi inaingia nyingi kuliko ulivyopanga. Halafu pampu ya mafuta ikiwa imechoka badilisha kwanza, hii seti inaitegemea hiyo hiyo.

Kila baada ya kuitumia mara ya kwanza kwenye jeti mpya, toa plagi uangalie ile kauri nyeupe kwa lenzi. Ukiona vidoa vidogo vyeusi au vinavyometa kama alumini, funga mtungi siku hiyo hiyo, hiyo ni pistoni yako imeanza kuondoka.