Uzoefu wangu: mkopo wa benki kwa nyumba ya bei chee inayohitaji ukarabati

Jamani nimeona niandike hii maana wakati natafuta sikupata mtu wa kunieleza ukweli, kila mtu ananiambia nyumba ya bei chee mkopo wake mwepesi. Sio kweli kabisa. Nyumba ikiwa mbovu benki ndo inazidi kuogopa, kwa sababu hiyo nyumba ndo dhamana yao, ukishindwa kulipa wanaiuza, sasa nani ataichukua haina paa la kueleweka?

Benki ya kwanza wala hawakufika kuiona. Afisa mikopo ananiambia kiasi nilichoomba kiko chini ya kiwango chao cha chini cha mkopo wa nyumba, basi, imeishia hapo. Iliniuma sana. Baadae nikaja kuelewa kwamba kazi ya uthamini (kukadiria nyumba ina thamani gani), wakili na kusajili rehani (kuiandikisha nyumba kama dhamana ya benki) ni ileile mkopo uwe mdogo uwe mkubwa, na kwenye mdogo wao faida yao haionekani. Sawa, ila wangesema siku ya kwanza, sio baada ya kunizungusha na makaratasi wiki tatu nzima.

Benki ya pili walinisikiliza, wakatuma mthamini. Wanamtuma wao ila unalipa wewe, na hiyo hela hairudi hata mkopo ukikataliwa. Akafungua bomba la jikoni, kimya, akaandika. Akabonyeza swichi, kimya, akaandika. Ripoti ilipotoka thamani ilikua chini ya bei niliyokubaliana na muuzaji, na hawa walikua wanakopesha asilimia 80 ya kile kilicho kidogo kati ya bei na thamani, kwaiyo pengo lote unalibeba wewe juu ya kianzio chako, ile hela unayotanguliza mwenyewe. Nilirudi kwa muuzaji na ripoti mkononi, akashusha kama nusu ya lile pengo, kwaiyo hiyo ripoti hata ikikuumiza usiitupe.

Ila aliyeniokoa ni fundi. Nilimpeleka kabla sijasaini chochote, akapanda juu ya dari na bisibisi, akaichomeka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ikazama yote mpaka kwenye mpini, unga wa mchwa ukanimwagikia mabegani. Mimi siku zote nilikua naona rangi imebabuka tu! Akakaa akaniandikia makadirio kitu kimoja kimoja, paa, waya za umeme, mabomba, plasta, nikaongeza asilimia 15 ya dharura, na hiyo ya dharura yote imeisha.

Sasa sehemu ambayo nataka mtu aisome mara mbili. Benki ilitoa hela ya kununua, ya ukarabati wakaishikilia, wanaitoa kwa awamu, na kila awamu inatoka BAADA ya kazi kufanyika na mkaguzi wao kuja kuthibitisha. Yaani bati, mbao na hela ya fundi za awamu ya kwanza zinatoka mfukoni kwako. Hakuna aliyenifafanulia hili, kwenye mkataba lipo ila kwa lugha ya wanasheria. Nikatumia akiba yote, mkaguzi akachelewa siku 19, fundi akaondoka kwenda kazi nyingine mvua ikanikuta na nusu ya paa, na wakati huo marejesho yameshaanza na kodi ninapokaa bado nalipa.

Bima nayo ulizia mapema, nyumba tupu inayokarabatiwa kampuni nyingi haziikatii bima ya kawaida na benki hawatoi hela mpaka waone bima. Na riba usiulize asilimia tu, uliza inahesabiwa kwenye salio lililobaki au kwenye mkopo wote wa mwanzo, hapo tofauti ni kubwa sana.

Hii benki ya pili nawapa 3 kwa 5, ingekua 4 kama mkaguzi angekua anafika kwa wakati. Awamu ya mwisho imetoka mwezi uliopita, imebaki plasta ya chumba kimoja.